Shajara ya tangi la gorgonia: kutambua kwanza, kupanda baadaye

Januari

Tangi la gorgonia, matumbawe yenye umbo la matawi, limeshaiva, yaani maji yake yako tayari kupokea wanyama. Ni la lita 340, na kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma kuna sentimita 60, kwa sababu matawi yanataka nafasi ya kuyumba bila kupapasa kioo. Amonia na nitriti hazisomeki, nitrati iko miligramu 8 kwa lita, fosfati 0.06, chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25. Wafugaji wa matumbawe magumu wangeona nitrati hiyo imezidi. Kwa ninachotaka kufuga, kidogo hicho si uchafu, ni sehemu ya chakula.

Mradi wenyewe: tangi la gorgonia tupu, za Florida na Karibea, hapa hapa Tampa ninapoishi. Wengi huweka gorgonia moja pembeni kama pambo, baada ya kumaliza kupanga matumbawe yao ya bei. Mimi nataka ziwe msitu mzima. Kanuni ni moja tu: hakuna kinachogundishwa kwenye jiwe mpaka nijue angalau ni jenasi gani, yaani kundi la spishi zinazokaribiana. Sifanyi hivyo kwa kujifanya msomi. Duka huandika "gorgonia ya zambarau" juu ya chochote chenye rangi hiyo, na nyuma ya kibandiko kimoja wanaweza kuwa wanyama wasiofanana mahitaji hata kidogo. Mmoja ataishi kwa mwanga. Mwingine, chini ya taa ile ile, atakufa njaa, tena polepole kiasi kwamba utamsifu kwa miezi kuwa ametulia.

Kwa asiyezijua: gorgonia ni yale matumbawe ya vijiti, manyoya au pepeo yanayoinama na mkondo. Si mimea. Kila kidoa juu ya tawi ni polipu, yaani mnyama mdogo mwenye minyiri minane, na kila mnyiri una vijinyoya pande zote mbili. Hesabu ya nane ndiyo alama ya kundi lote la oktokorali; matumbawe magumu huhesabika kwa sita na mafungu yake. Katikati ya tawi, kwa nyingi, kuna uti wa gorgonini, protini ngumu nyeusi au kahawia inayopinda bila kuvunjika. Juu ya uti kuna nyama, na ndani ya nyama kumetapakaa vijiwe vya chokaa visivyoonekana kwa macho matupu, skleriti. Hivyo vijiwe ndivyo kitambulisho cha kweli. Rangi hudanganya, umbo hubadilika kwa mkondo na mwanga, skleriti hazina siasa.

Nilimpigia ami yangu wa Tanga, mvuvi wa siku nyingi, nikamtumia na picha.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Haya mbona nayajua, hunasa kwenye jarife tukitega karibu na mwamba. Unayafuga?"

"Nayafuga, ami."

"Na yanakula nini?"

Mzee aliuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na muuza duka hata mmoja. Zile anazozijua yeye, nyekundu na za chungwa zenye umbo la pepeo, ni za kwenye kuta na vina vyenye mkondo mkali, aina wanazozipiga picha wazamiaji kule Pemba. Nyingi ya hizo hazitegemei mwanga hata chembe. Zinangoja mkondo ulete chakula. Zile za maji mafupi ya Florida na Bahama nyingi ni kinyume chake, zimebeba mwani wa seli moja ndani ya nyama, na mwani huo unazilisha kwa usanisinuru. Nyingi, si zote.

Februari, sheria

Nimeona afadhali niyaandike haya mapema kuliko kujibu maswali baadaye. Florida inaruhusu kuvuna oktokorali kwa leseni na kwa mgawo. Mgawo wa biashara ni koloni 70,000 kwa mwaka, koloni ikiwa ni gorgonia moja nzima na polipu zake zote. Aina mbili za pepeo, Gorgonia ventalina na Gorgonia flabellum, haziruhusiwi kuguswa. Anayevuna anaruhusiwa kuondoka na jiwe lisilozidi inchi moja kuzunguka shina, ndiyo maana gorgonia za huku huja na kijiwe kidogo kimeng'ang'ania chini. Ukiona kijiwe hicho ni ishara nzuri: shina halijajeruhiwa na mnyama hakuvutwa kwa pupa.

Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Gorgonia za kawaida hazimo. Watu husoma hilo kama ruhusa ya kuzichukulia poa, mimi nalisoma kinyume: hakuna karatasi inayosafiri na mnyama, basi jina sahihi atapewa na mnunuzi au hatapewa kabisa.

Februari, mzigo wa kwanza

Zimeingia tatu, zote kwenye ndoo ya karantini yenye pampu na mkaa amilifu, ule unaonyonya kemikali majini.

Ya kwanza ni bapa, ya manjano, kingo zake za zambarau. Hii haihitaji hadubini kufika kwenye jenasi: ni Pterogorgia. Matawi yake ni mabapa na polipu hutoka kwenye kingo tu, upande bapa ni mtupu. Kwa lenzi ya mkononi unaweza kwenda mbele zaidi. Kama polipu zote zinaingia kwenye mfereji mmoja unaofuata ukingo, unatazama P. guadalupensis au P. anceps (ukikata tawi la anceps, sehemu iliyokatwa hutoa umbo la Y au X). Hii yangu kila polipu ina kitundu chake peke yake, na hiyo ni P. citrina.

Ya pili ni fimbo nene ya kahawia, nene kuliko kidole changu cha shahada, matawi machache. Ya tatu ni unyoya wa zambarau uliochangamka, ndiyo iliyonipeleka dukani. Hizi mbili zitangoja.

Kabla ya yote, ukaguzi. Nilizizungusha moja moja ndani ya maji chini ya tochi, na kwenye ile fimbo nikamkuta mgeni: konokono wa Cyphoma gibbosum, yule mwenye madoa ya chungwa yaliyozungushiwa wino mweusi. Ni mzuri ajabu, na chakula chake ni gorgonia. Madoa si ya gamba. Ni ya ile nyama laini anayoifunika gambani akiwa ametulia. Ukimshtua huirudisha ndani na gamba linabaki jeupe lisilo na habari. Wazamiaji wengi wamemng'oa kwa ajili ya urembo ule wakarudi nyumbani na gamba la kawaida. Nyuma yake aliacha kipande cha uti mtupu, na hapo hapo ndipo majike hubandika mayai, kwa hiyo nilikwangua uti ule kwa kucha mpaka ukawa safi. Konokono mwenyewe amehamia sanduku la plastiki kwenye tangi la chini. Baharini sitamrudisha, mnyama aliyepita kwenye maji ya duka haendi baharini tena. Atakula mabaki nitakayokata.

Adui wa pili wa kutafuta ni konokono uchi wa jenasi Tritonia. Huyu ni mbaya zaidi kwa sababu hujipaka rangi ya mwenyeji wake, na matawi yake ya mgongoni yanafanana na polipu zilizofunguka. Tafuta mayai badala ya mnyama: uzi mweupe uliojizungusha kwenye tawi. Sikuona.

Machi, mkono na hadubini

Tuanze na mkono, maana wengi hurukia vifaa wakati vidole vinatosha kuchuja nusu ya majina. Shika tawi taratibu ndani ya maji, polipu zikiwa zimejifunga.

Likikukwaruza, Muricea. Ukingo wa kila kikombe cha polipu una skleriti ndefu zinazochomoza. Likiwa na vikombe vinavyosimama nje kwa mdomo wa chini uliochongoka, elekea Eunicea. Likiwa laini na lenye matundu ya duara yaliyobaki wazi hata polipu zikiwa ndani, fikiria Pseudoplexaura. Na matundu yakiwa ni mipasuko mirefu, midomo miwili iliyofumbwa, hiyo ni Plexaurella. Fimbo yangu ina mipasuko. Polipu zake zilipofunguka usiku zilikuwa kubwa na za manyoya mengi, nazo ni za kahawia. Plexaurella, kwa mkono. Tutahakikisha.

Ule unyoya ulikuwa na utata halisi. Kuna manyoya ya zambarau ya aina mbili yanayochanganywa kila siku madukani: Antillogorgia na Muriceopsis. Kwenye Antillogorgia vijitawi hupangika pande mbili za tawi mama. Kwenye Muriceopsis flavida vinatoka pande zote. Kwa maelezo ni rahisi, lakini mnyama aliyekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki tangu Key Largo, kusini mwa Florida, hapangiki pande zozote zinazoeleweka.

Hivyo nikaenda kwenye skleriti. Utaratibu wenyewe ni wa jikoni:

Kata ncha ya tawi, nusu sentimita inatosha. Iweke kwenye kikombe kidogo cha kioo, mimina matone ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, ile ya klorini isiyo na manukato wala rangi (nyumbani tunaita jiki hata kama chupa ina jina jingine). Itatoa povu, nyama itayeyuka, na chini kutabaki unga. Ngoja unga utulie, mwaga dawa, ongeza maji safi, ngoja tena, mwaga, rudia mpaka harufu iishe. Chukua tone la unga kwa bomba la sindano, weka kwenye kioo cha hadubini, ukuzaji wa mara 100. Siki isikaribie hapo kwa sababu mbili: ikikutana na dawa ile hutoa gesi ya klorini, na hata ikiwa peke yake itazila skleriti zenyewe, kwa kuwa ni chokaa. Fanya kazi hii dirisha likiwa wazi.

Nilipolenga lenzi, vijiwe vya zambarau vilijaa uwanja wote. Hapo nikajua rangi ya mnyama inatoka wapi: nyama yenyewe haina zambarau, vijiwe ndivyo vinavyoipaka. Na kati yao kulikuwa na vingi vilivyopinda kama herufi C, mgongo laini na tumbo lenye vinundu. Hizo ni skafoidi, na Muriceopsis haina. Jibu: Antillogorgia.

Ukikuta kitabu cha zamani kinasema Pseudopterogorgia usibabaike, spishi za Atlantiki zilirudishiwa jina la Antillogorgia mwaka 2012. Majina ya ngazi za juu nayo yalipanguliwa: tangu 2022 oktokorali zote zinagawanywa katika oda mbili, Malacalcyonacea na Scleralcyonacea, na ile oda ya "gorgonia" tuliyoizoea haipo tena. Gorgonia sasa ni umbo, si ukoo. Mfugaji halimgusi sana, ila ukitafuta habari kwa jina la oda la zamani utapotea.

Spishi gani? Hapo kuna kipimo cha mkono tena. Antillogorgia americana hutoa ute mwingi ukiishika. A. acerosa ni kavu. Yangu iliacha uzi wa ute kwenye vidole mpaka mke wangu akaniuliza nimeshika nini. Naandika americana, kwa penseli.

Fimbo: vijiwe vyenye ncha nne, umbo la X, vingi. Plexaurella imethibitika. Spishi sitaitafuta, haitabadilisha ninavyoitunza.

Kisha swali la ami. Ile Pterogorgia ilinisumbua kwa sababu polipu zake ni nyeupe, na kanuni ya dukani inasema polipu za kahawia zinakula mwanga, nyeupe zinataka kulishwa. Nikakata kipande cha ukingo, nikakiponda kati ya vioo viwili bila dawa yoyote, ukuzaji wa mara 400. Seli za mviringo za rangi ya kahawia ya dhahabu, zimejazana. Mwani upo, basi itaishi kwa mwanga, weupe wa polipu zake usitutishe. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kupika chai, na ningependa kila duka lenye hadubini ya bei rahisi likifanye kabla ya kubandika bei.

Aprili, kupanda

Mkondo kwanza, mwanga baadaye. Nimeweka pampu mbili za mawimbi zinazotazamana, zinapokezana, ili tawi liiname huku kisha huku. Mkondo wa upande mmoja usiobadilika huwafanya wajikunje kuukimbia, na upande wa nyuma hukusanya takataka. Kipimo changu hakina namba: tawi linapaswa kuyumba lote, kuanzia shina, na polipu zibaki wazi. Zikijifunga upande unaopigwa, pampu iko karibu mno.

Mwanga nimepima PAR (kipimo cha mwanga unaofaa kwa usanisinuru) 200 juu ya mwamba ambako unyoya na Pterogorgia zitakaa, na kama 150 kwa fimbo. Nilianza chini ya hapo na kupandisha kidogo kidogo.

Kugundisha kuna ufundi wake. Gundi haishiki nyama. Nyama ina ute na itateleza. Kama gorgonia imekuja na kijiwe chake, gundisha kijiwe kwa supaglu nzito na udongo wa epoksi, umemaliza. Kama ni kipande kilichokatwa, menya nyama ya chini sentimita moja na nusu mpaka uti ubaki mtupu, toboa jiwe kwa drili, ingiza uti ndani ya tundu na uujazie gundi. Nyama iliyo juu itateremka yenyewe kufunika gundi na kulishika jiwe. Ukizika nyama hai ndani ya epoksi itaoza humo ndani, na kuoza hupanda juu.

Nafasi kati yao: zaidi ya unavyodhani. Hazichomani kwa minyiri mirefu kama baadhi ya matumbawe magumu, vita vyao ni vya kemikali. Plexaura homomalla ilishangaza dunia mwaka 1969 pale watafiti Weinheimer na Spraggins walipotangaza kwamba imejaa prostaglandini, kemikali ambazo wakati huo zilikuwa ghali na adimu, na kwa muda watu walipanga kuivuna Karibea kama shamba la dawa mpaka njia za maabara zikaiokoa. Antillogorgia elisabethae, ndugu wa unyoya wangu, hutoa pseudopterosini zinazotiwa kwenye krimu za ngozi. Wanyama hawa hawakubuni vitu hivyo kwa ajili yetu. Ni silaha zao dhidi ya wanaowala na wanaowabana, na katika lita 340 silaha hazina pa kwenda. Mkaa amilifu unakaa kwenye mzunguko wa maji muda wote na unabadilishwa kila mwezi.

Mei, kujichubua

Plexaurella imefunga. Polipu zote ndani, ngozi imekuwa laini yenye mng'ao. Nimepokea ujumbe wa rafiki mwenye tangi la namna hii, naye ameogopa kwa dalili hizo hizo, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Gorgonia nyingi hujifunga mara kwa mara na kutoa utando mwembamba wa nta juu ya ngozi, unaofanana na utando wa maziwa yaliyochemka. Utando huo unabeba mwani, vijidudu na vumbi vilivyotulia juu ya mnyama. Ukikomaa unapasuka na kuondoka na mkondo, na chini yake ngozi ni mpya. Inaweza kuchukua siku chache au zaidi ya wiki. Kazi ya mfugaji ni kuhakikisha mkondo upo wa kuuondoa. Usimvue kwa mikono. Ukiona vipande vimening'inia na havitoki, vipulizie maji kwa bomba la plastiki la jikoni.

Dalili za kuogopesha ni nyingine: nyama inayobadilika rangi na kuchuruzika, harufu, na uti mweusi kuchungulia katikati ya tawi. Kama nyama imekufa katikati lakini ncha ni hai, usingoje, kata ncha uipande upya. Uti mtupu ukibaki huota mwani, na mwani husogea juu ya nyama hai kwa ustahimilivu ambao mnyama hana.

Plexaurella ilimaliza shughuli yake, ikafungua, na polipu ni nyingi kuliko mwanzo.

Juni, nyekundu

Nimeleta Diodogorgia nodulifera, ile nyekundu yenye polipu nyeupe (kuna na ya manjano yenye vikombe vyekundu). Hii ni ya Florida vilevile, ila ni ya vina na vivuli, na haina mwani ndani. Nimekamua polipu, nimetazama kwa ukuzaji wa mara 400: hakuna seli hata moja ya kahawia. Huko madukani huwekwa chini ya taa kali karibu na zile nyingine, bei nafuu kwa sababu inang'aa. Nyingi hufa nyumbani kwa watu, na kinachoandikwa ni "sijui kwa nini".

Nimeipa tangi lake la lita 40, taa hafifu, mkondo wa kutosha. Ratiba: chakula kidogo sana, mara nyingi kwa siku, kwa pampu ya matone iliyounganishwa na chupa ndani ya jokofu dogo. Rotifera na saiklopu walioganda (vijidudu vya majini), mayai ya chaza. Chembe ziwe ndogo; uduvi wa kukatakata ni mkubwa mno kwa midomo hii. Siku za kwanza haikufungua mchana kabisa. Nilizima pampu ya kurudisha maji, nikatia harufu ya chakula, nikangoja, na jioni polipu zilianza kutoka moja moja kwenye vinundu vyake. Baada ya muda zilizoea saa za chakula.

Gharama yake sasa. Maji yanachafuka haraka, kwa hiyo nabadilisha robo ya tangi kila baada ya siku mbili. Kila kitu kinachopitisha chakula hicho huota utando na kinahitaji mswaki. Mke wangu amesema mnyama huyu anakula kwa ratiba kuliko watoto. Inawezekana kumfuga, na nyama yake imeshateremka juu ya gundi, lakini kama mtu ananiuliza aanze na ipi, simwambii hii. Aanze na Pterogorgia au Plexaurella, aiachie nyekundu aliye na muda wa kuitumikia.

Julai na Agosti

Joto, kama nilivyotegemea. Feni juu ya maji zinatosha kushusha nyuzi mbili hivi kwa kukausha maji, kwa hiyo kinachopungua hujazwa maji safi yasiyo na chumvi na kifaa cha kuelea. Msimu wa vimbunga huku ni Juni hadi Novemba, na umeme ukikatika kinachoua kwanza si giza, ni maji yaliyosimama. Pampu moja ya mawimbi iko kwenye betri yake.

Sianobakteria, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, walijitokeza kwenye kona ambako mkondo ulikuwa dhaifu, zulia jekundu lililoanza kupanda shina la unyoya. Nililivuta kwa mpira wa kunyonyea maji, nikapiga shina mswaki laini, nikageuza pampu nyuzi kama 20. Halijarudi. Dawa za kuwaua zipo, sikuona haja wakati mkondo ulikuwa haujajaribiwa.

Samaki: wachache na wadogo. Samaki kipepeo hapana kabisa. Chaetodon capistratus wa Karibea hudonoa polipu za gorgonia baharini kila siku, na tangini hataacha tabia.

Septemba, mkasi

Unyoya umefika juu ya maji. Gorgonia hazichukii mkasi. Plexaura kuna wa visiwa vya San Blas, Panama, huzaliana kwa kiasi kikubwa kwa vipande vyake kuvunjika na kushika mahali pengine, msitu mzima ukaweza kuwa mnyama mmoja. Nimekata matawi matatu, kila moja juu kidogo ya kiungo, nikamenya chini, nikayapanda kwenye vipande vya jiwe vilivyotobolewa. Jeraha la mama lilifunga bila shida. Vipande nimeviweka mahali penye mkondo mkali kuliko kawaida kwa sababu ndipo ute wa jeraha unapoondoka.

Maji yalijaa ute siku hiyo, skima, kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, ikafurika. Badilisha mkaa siku ya kukata, usingoje mwisho wa mwezi.

Cyphoma bado yuko, anakula vichwa nilivyopunguza. Nimemzoea.

Oktoba

Kila iliyopandwa Aprili imefungua. Pterogorgia imeota kingo mpya zilizo wazi kwa rangi. Plexaurella hujichubua mara chache kuliko zamani. Diodogorgia ina ncha mbili mpya fupi, nyekundu iliyoiva kuliko mama, imenigharimu jokofu.

Vipande viwili vya unyoya nimebadilishana na jirani wa fani kwa kijiti cha kahawia ambacho yeye anakiita Plexaura. Vikombe vyake vinachomoza kwa mdomo wa chini, jambo lisilokaa vizuri na jina hilo. Leo nimekikata ncha. Vijiwe vya tabaka la juu ni rungu zenye majani kichwani, na vya karibu na uti ni vya zambarau, virefu, vilivyochongoka pande mbili. Eunicea. Nimemtumia picha naye amekubali, ila anasema ataendelea kuiita Plexaura mbele ya wateja kwa sababu wameshalizoea. Mimi naipanda kesho, mwamba wa kushoto nyuma, PAR 180, mbali na unyoya.